Kigae Chembamba Kuliko Ukucha

Benchi letu liko mbele ya karakana ya Cheche, mchomelea vyuma, na leo hakuna anayelikalia akatulia. Ndani, kwenye tanuri dogo la umeme, kuna kigae cha kauri alichotengeneza binti yake wa chuoni. Kikipata moto mkali na gesi, kinatoa umeme. Cha kwanza kilitoa kidogo mno, ndiyo maana akapunguza unene. Vyembamba viwili vimeshapasuka. Hiki ndicho cha mwisho, na kesho asubuhi walimu wanakipima: kikigoma, anarudia mwaka. Binti amekwenda kuchukua gesi, na ametuachia agizo moja tu: mlango wa tanuri usifunguliwe, maana ubaridi ukikipiga ghafla kinapasuka.

— Tatizo ni wembamba — alisema Kinyozi, akitoka ndani alikofuata kiberiti. — Kitu chembamba kuliko ukucha, kitauweza vipi moto ule?

— Wee, wembamba ndio dawa! — Huyo ni Waziri, waziri asiye na wizara. — Umeme hautaki safari ndefu. Angekikwangua zaidi, kingewasha mtaa mzima.

— Mtaa? Kitu kinachoenea kwenye kisanduku cha kiberiti?

— Mtaa mdogo huo! Panga mia, serikali inafunga mabwawa yake yote.

— Mimi nasema udongo una kinyongo — Kinyozi akajibu. Umezoea kuwa chungu, leo unaambiwa uwe jenereta.

— Jamani, mwanangu hajalala. — Cheche alisimama, akakaa, akasimama tena. — Ngoja nikachukue koleo.

Akaingia. Akarudi mikono mitupu.

— Koleo liko wapi?

— Koleo lipi? — Cheche akauliza.

Nilitaka kucheka, roho ikakataa. Waziri naye akaingia kusuuza kikombe, akarudi nacho na machicha yaleyale ya kahawa.

Mara binti akatokea, anahema, amekumbatia mtungi mdogo wa gesi.

— Shikamooni. Kinaendeleaje?

— Marahaba, mama. Safi kabisa! — Waziri akawahi. — Kimekolea wekundu, hakina hata ufa.

Binti akautua mtungi chini taratibu.

— Tanuri halina dirisha, mjomba. Umekionaje?

Waziri akamtazama Kinyozi. Kinyozi akamtazama Cheche. Cheche akatazama kahawa yake, nami nikamwonea huruma yule mtoto.

— Na vile viwili vilivyopasuka, baba, navyo mlivichungulia?

Huko ndani kitu kikalia: tik.

Safari hii hakuna aliyeinuka kwenda kuangalia.