Enid Sugden na Kifungu cha Kumi na Nne

Tunayemsindikiza leo, Enid Marjorie Sugden, alizaliwa tarehe 17 Machi 1951 katika mji wetu huu wa Hebblestone, Yorkshire. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Harold Ackroyd, mtia rangi katika kiwanda cha sufu, na marehemu Nellie. Mimi ninayesoma haya ni Clive, mdogo wake wa pekee.

Alisoma Shule ya Msingi Bankfoot, kisha shule ya wasichana ya mjini. Walimu walitaka aendelee, lakini kifua cha baba kilikuwa kimeshaharibika. Mwaka 1967, akiwa na miaka kumi na sita, akaajiriwa na halmashauri kama mpiga chapa. Mwaka 1985 akawa afisa wa nyumba, akisimamia nyumba za kupangisha za mtaa wa Fairlea.

Tarehe 7 Juni 1975 alifunga ndoa na Norman Sugden, fundi bomba. Walijaliwa watoto wawili, Ruth na Alistair. Norman alikuwa na maneno yake: "Kwetu hata rangi ya pazia tunaipigia kura, na anayeshindwa ni mimi." Norman alitutoka mwaka 2015.

Kuna jambo ambalo wengi wenu mnalijua nusu nusu. Mwaka 2006 halmashauri iliamua kuandika upya mkataba wa upangaji, na Enid ndiye aliyepewa kazi ya kutunga rasimu. Ikatumwa kwa posta katika nyumba zaidi ya elfu mbili, pamoja na fomu ya maoni. Zikarudi fomu kumi na moja.

Mkuu wake akasema, "Aliyenyamaza amekubali."

"Aliyenyamaza hajasoma," Enid akamjibu, na kesho yake akaanza kubisha hodi, mlango kwa mlango.

Wiki ya pili alifika kwa Mzee Wilfred Hoyle, mfumaji mstaafu wa miaka sabini na minane. Mzee alimkaribisha chai, akamrudishia rasimu mkononi.

"Nisomee wewe, mwanangu. Miwani yangu imevunjika."

Miwani ilikuwa kwenye rafu juu ya meko, nzima. Enid hakuitazama mara ya pili. Alisoma ukurasa baada ya ukurasa, mpaka kifungu cha kumi na nne: mpangaji akifariki, asiyekuwa mwenzi wake wa ndoa aondoke ndani ya wiki nne.

"Rudia hapo," mzee akasema.

Akarudia. Binti wa mzee, Janice, alikuwa jikoni, akimenya viazi. Miaka tisa kabla ya siku hiyo aliacha kazi kiwandani na chumba chake cha kupanga, akaja kumuuguza baba.

"Kwa hiyo mimi nazikwa, huyu anafunga mizigo?"

"Ndiyo, Mzee Hoyle." Kisha Enid akasema jambo ambalo hakulazimika kulisema. "Na maneno hayo niliyaandika mimi. Niliyatoa kwenye mkataba wa zamani, sikuyafikiria."

Mzee alikunywa chai yake kwanza. "Basi unajua pa kuyafuta."

Haikuwa rahisi. Mkuu wake alikataa, akamwambia rasimu imeshapita. Enid akaomba kusimama mbele ya madiwani. Akawaambia kosa ni lake, na akaomba wapangaji waitwe mkutanoni watoe maoni upya. Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa shule. Viti vilikwisha, watu wakakaa madirishani. Kifungu kikabadilishwa: mtoto au ndugu aliyeishi humo mwaka mzima akimuuguza mpangaji, nyumba ibaki yake. Mkataba mpya ulianza Aprili 2007. Cheo alichokuwa akikitarajia Enid kilipewa mtu mwingine, na hakukizungumzia tena. Mzee Hoyle alifariki mwaka uliofuata. Janice anaishi mle mle mpaka leo.

Enid alistaafu mwaka 2011. Mwaka 2019 aligundulika kuwa na ugonjwa wa kutetemeka. Mkono ulioandika barua nyingi hivyo ukashindwa kushika kijiko, na Ruth akahamia kwake kumlisha. Akili ilibaki kali. Mwezi Januari nilimsomea wasifu huu, maana aliutaka mapema.

"Umeongeza chumvi kwenye viti," akasema. Kisha, baada ya kupumzika: "Janice umemuuliza kama anakubali kutajwa?"

Sikuwa nimemuuliza.

"Nenda, Clive. Usimwandikie barua. Nenda."

Nilikwenda jioni ile ile. Janice alisoma yote, amesimama mlangoni, akanirudishia karatasi. "Mtaje na baba kwa jina," akasema. Niliporudi na kumweleza dada yangu, alifumba macho akalala.

Enid alifariki nyumbani kwake tarehe 9 Februari 2024, asubuhi, Ruth akiwa amemshika mkono. Alikuwa na miaka sabini na miwili.

Ameacha watoto wawili, Ruth na Alistair. Mkwe mmoja, Priti. Wajukuu watatu, Edie, Rohan na Tobias. Nami mdogo wake.

Dada, umefanya kazi yako. Mungu akupe makao ambamo hakuna wa kukuhamisha, na upumzike humo kwa amani.