Tabibu wa Mzee Randa

— Pointi nne, Breki! Alikuwa amebakiza pointi nne za uhai, ukamtanguliza darajani!

— Nilimtanguliza au alijitolea?

— Atajitoleaje na mwenyewe yuko wodini?

Aliyekuwa anafoka ni Wembe, kinyozi, kamwacha mteja na povu kidevuni ili aje agombane. Benchi letu limebanwa kati ya saluni yake na kibanda changu cha viatu, na jioni tukishapata kahawa tunacheza mchezo wa hadithi. Mimi nasimulia hatari, kila mmoja ana mtu wake ndani ya hadithi, na dadu ndiyo inayoamua nani kaumia na kaumia kiasi gani. Dadu zenyewe alizichonga Mzee Randa, seremala. Alipolazwa kwa ajili ya kifua alituachia, akasema, "Nitunzieni tabibu wangu," yaani mtu wake wa mchezoni. Na kanuni yetu inajulikana: asiyekuwepo, mtu wake anabaki kambini. Lakini juzi Breki, huyu dereva wa lori, shujaa wake alibakiwa na pointi moja, akalilia tiba, tukamtoa tabibu kambini. Akamponya Breki vizuri kabisa. Kisha, tabibu alipotangulia darajani, nyoka akamgeukia yeye.

— Hajafa, Breki akasema. Kafika sifuri. Sifuri ni kuzimia.

— Aliyezimia anarushiwa dadu mara tatu, nikamjibu, na mimi hasira zangu ziko karibu. Ulirusha mwenyewe, zote zikakataa. Kafa.

— Fundi, una roho ngumu kuliko soli zako.

— Sifuri ni sifuri, bwana. Mimi sipindishi.

Wembe akadakia:

— Kinachoniudhi, Breki, na hiyo pointi yako moja ulikuwa unaruka na upanga kama mzima! Hukuchechemea hata kidogo. Tiba ulitaka ya nini?

— Pointi si damu, kaka. Pointi ni bahati.

— Kwa hiyo tabibu alikufunga bandeji kwenye bahati?

— Ndiyo hivyo! Na nyoka kamng'ata bahati. Mwili wake hauna hata mchubuko. Kaishiwa tu, anaweza kukopeshwa.

Tukacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Wembe akapoa, akaanza kutafuta njia naye.

— Halafu aliangukia mtoni. Maji yale fundi alisema ni baridi. Kitu cha kwenye friji hakiharibiki. Tunamvua, tunamwanika juani, anaamka.

— Mzee wa watu unamwanika kama dagaa? nikauliza.

— Sikilizeni, Breki akasema, sauti imeshuka. Kifo lazima mwenyewe akipokee. Mzee hakuwepo, hakupokea. Mzigo usiopokelewa unabaki kwa dereva.

— Basi upeleke wodini, dereva, nikamwambia.

Breki akainamia kikombe chake. Hakuna aliyekwenda wodini tangu juzi. Kila mmoja alikuwa na kazi nyingi ghafla.

Hapo ndipo akatokea binti yake Mzee Randa, kashika hotipoti, anatoka hospitali.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu. Mzee anaendeleaje?

— Hivyo hivyo. Leo kala vijiko viwili vitatu. Anawasalimu sana. Anauliza, tabibu wake kafika wapi?

Wembe akakumbuka kuwa ana mteja, akainuka, ila hakwenda. Breki akawa anapuliza kahawa iliyopoa zamani. Wakanigeukia mimi, mimi wa sifuri ni sifuri.

— Yupo, nikasema.

— Yupo wapi?

Nikaangalia daraja ambalo halipo. Hata nyoka yule nilimtunga mimi, na ningeweza kumpitisha upande wa pili.

Binti akatutazama mmoja mmoja. Akaweka hotipoti chini, akanyoosha mkono.

— Baba kasema mkikosa jibu, nisikae kuwasubiri. Nipeni dadu zake, tabibu wake atamrushia mwenyewe.