Inchi Kumi na Nane au Ishirini

Pale Kenton, mtaa wa Harrow huko London, nje ya duka la Kailash, lipo benchi la mbao lisilokosa watu, iwe joto iwe baridi. Siri yake ni friji. Friji kubwa la maziwa limeegemea ukuta kwa ndani, na pumzi yake ya moto hutokea kwenye tundu la ukutani, ikampata mgongoni barabara mtu aliyekaa katikati. Ndiyo maana kijiwe kikaitwa Nyuma ya Friji, na ndiyo maana nafasi ya katikati hugombewa kila Jumamosi kuliko kiti cha ubunge. Lakini Jumamosi hiyo ya Januari Muhiddin aliachiwa katikati bila neno. Uso ulikuwa umemkunjika, na Talib alikuwa ameshammiminia kahawa kabla hajaketi.

Muhiddin ni karani wa kaunsili, Mpemba wa Harrow, na kijiweni anaitwa Chaji. Tangu anunue gari ya umeme miezi minane iliyopita, hasalimu tena bila kutaja betri imebaki asilimia ngapi. Talib, Mpemba mwenzake aliyestaafu posta, anaitwa Wahenga, kwa sababu hana sentensi isiyo na methali wala methali inayoingia mahali pake. Yeye ndiye mleta chupa ya kahawa, ya tangawizi na iliki, na vikombe visivyo na mikono. Wa tatu ni Method, kijana wa Tabora anayefanya kazi kwenye ghala la vifurushi, aitwaye Injinia kwa kuwa aliwahi kutengeneza mnyororo wa baiskeli yake na ukakaa wiki nzima. Kailash mwenyewe, mzaliwa wa Kisumu, ni Meya. Benchi ni lake, friji ni lake, na hakuna aliyempigia kura.

— Jaspal kanipa mpaka saa sita mchana, — Muhiddin alisema. — Ana seti mbili tu za tairi za theluji zinazoingia gari yangu. Moja inchi kumi na nane, pamoja na ringi zake. Ya pili inchi ishirini, saizi ilokuja na gari. Saa sita ikipita, anampa mtu mwengine.

— Na weye wataka ipi? — Talib aliuliza.

— Ningejua ningekuwa hapa?

Jaspal, mwenye gereji ya kona ya pili, alikuwa amemweleza vizuri kabisa. Ringi ndogo hubeba mpira mnene, huhimili mashimo, na gari huenda mbali zaidi kwa chaji ile ile. Ringi kubwa inapendeza na inashika kona, ila inakula betri. Zote zitafika, ankal, alimwambia, chagua tu. Na hapo ndipo Muhiddin alipoumia, maana angeambiwa ipi ni haramu angelala usingizi.

Safari yenyewe haikuwa ya mchezo. Ibtisam, binti yake wa pekee, ameolewa Aberdeen, maili zaidi ya mia tano kutoka hapo, na ana mimba ya miezi saba. Kwao Pemba mimba ya kwanza ina njia yake: binti huletwa kwa mama yake, akazalie huko, akandwe, afungwe tumbo kwa kanga, aogeshewe mtoto mpaka siku arubaini. Muhiddin ameapa kwamba kesho Jumapili atamfuata kwa gari yake. Mkewe, Mwanamwema, anaiita gari ile friji la magurudumu, na ameapa naye, kwamba hatatia mguu humo mpaka aione imekwenda Uskochi ikarudi. Ilikuwa wiki sasa Mwanamwema hataji tena kile chumba kidogo alichokipaka rangi kwa ajili ya mzazi, na Muhiddin alijua ni hasira za gari. Akikwama kwenye theluji na binti mwenye mimba ndani, atarudi nyumbani na uso gani? Alikuwa anaogopa. Mbele ya wenzake aliiita kufikiria, lakini ilikuwa hofu tupu.

— Ishirini, bana, — alisema Kailash. — Hii ni hesabu ya darasa la tatu. Gurudumu kubwa ikizunguka mara moja, imeenda mbali. Ndogo inazunguka, inazunguka, inachoka. Wewe unataka kufika Aberdeen na gurudumu imechoka?

— Gurudumu haichoki, Meya.

— Hiyo unasema wewe. Baba yangu alikuwa na Peugeot huko Kisumu, magurudumu kubwa namna hii. Ilienda mpaka Kampala bila kuuliza mtu.

— Ilikuwa ya umeme?

— Ilikuwa ya baba.

Talib alikohoa kidogo, kama afanyavyo akitaka wahenga wapishwe njia.

— Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Chukua kumi na nane.

— Kibaba kimeingiaje hapo, yakhe?

— Kidogo kidogo. Ndiyo maana yake.

— Oya, tuache vibaba, — alisema Method, akavuta kofia chini. — Tuangalie wanyama. Mnyama hachagui tairi, kapewa na Mungu, kwa hiyo hapo hakuna makosa. Ngamia ana nyayo pana, anakanyaga mchanga hazami. Mbuzi ana kwato nyembamba, anapanda jabali hatelezi. Sasa mzee wangu, Uskochi ni mchanga au jabali?

— Ni theluji, Method.

— Theluji ni mchanga ulioganda ukawa jabali. Kwa hiyo ni vyote viwili.

— Basi mie ninunue mnyama gani?

Method alipiga funda la kahawa, akaangalia basi likipita, akafikia uamuzi.

— Mbele mbuzi, nyuma ngamia.

Walicheka, na Muhiddin alicheka nao. Kisha akagundua kwamba kwa sekunde mbili tatu alikuwa amekubali, na kicheko kikamwisha. Saa ilikuwa tano na nusu. Chupa ya kahawa ilikuwa imefika nusu, na Talib akaitikisa kuhakikisha.

— Ngoja, ngoja, — Kailash alisimama. Wazo lilikuwa limempata na alitaka nafasi. — Huyu Injinia amesema kitu bila kujua. Mbele ndogo, nyuma kubwa. Gari itainama mbele, si ndiyo?

— Itainama.

— Gari ikiinama mbele, iko kwenye mteremko. Saa yote. Hata kama barabara iko flati, gari yenyewe iko kwenye mteremko. Na wewe Chaji, mara ngapi umetuambia hapa, gari yako ikiteremka inajichaji yenyewe?

Muhiddin alikuwa amewaambia. Aliwaambia mwezi wa sita, akawaambia mwezi wa saba, na siku ya Idi aliwachorea kwenye kisanduku cha tende.

— Nilisema, lakini...

— Hakuna lakini. Utaondoka Harrow na asilimia mia, utafika Aberdeen na mia na kumi. Umeme ya kumuuzia mkwe wako.

— Na kurudi je? — Talib aliuliza, kwa haki kabisa.

— Kurudi hata hahitaji kitu. Angalia ramani. Aberdeen iko juu, London iko chini. Ni kuteremka tu.

— Wallahi ni kweli, — alisema Talib. — Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki. Ndiyo maana theluji yazoleka.

Muhiddin alimtazama rafiki yake wa miaka kumi na moja, akainua mkono kumsahihisha. Lakini Talib alikuwa amepata moto.

— Shida yenu mwatazama chini. Gari yataka uzito. Mtie magunia manne ya mchele kule nyuma, ishike ardhi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Hapo Kailash aliachana na magurudumu moja kwa moja. Mchele anao, basmati, na gunia angelibeba yeye mwenyewe mpaka kwenye gari.

— Mchele wa nini? — alisema Method. — Mtie chumvi. Kaunsili wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, kweli si kweli? Sasa yeye awe na gunia lake, linamwagika mbele ya tairi taratibu. Chumvi inatangulia, yeye anafuata.

— Na nani atalishika gunia mbele ya gari inayokwenda?

— Si ana mkwe?

Simu ya Muhiddin ililia. Alikuwa Jaspal. Kuna mteja amesimama kaunta na anazitaka zile za kumi na nane, na mwingine amepiga kuulizia za ishirini. Ankal, ipi? Muhiddin aliomba dakika kumi, kwa sauti ambayo hata Method hakuitania.

Ndipo akatokea mama mmoja, koti jeusi juu ya sare ya kazi ya kulea wazee, kitambulisho bado kinaning'inia shingoni. Miguu ya Method ilikuwa imefunga mlango.

— Hamjambo wazee. Naomba kupita, nataka unga wa ugali.

— Hatujambo, mama. Unga iko, — Kailash alisema. — Sijakuona hapa. Unatoka wapi?

— Nyumbani ni Nakuru. Nimehamia Harrow juzi tu. Naitwa Marion.

Talib alimpa kikombe cha kahawa, maana mgeni hapiti kijiwe kavu, na Marion akakipokea kwa mikono miwili akasogea kwenye joto. Akauliza mbona wamekaa kama watu wa matanga. Wakamweleza, wote wanne kwa pamoja: binti, mimba, theluji, inchi, mbuzi, ngamia, mteremko, mchele, chumvi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, na hilo peke yake liliwapa moyo.

— Na huyo msichana, — alisema, — yeye mwenyewe alisema anataka kuja?

Friji likanguruma ukutani. Method alivuta miguu yake. Kailash alimtazama Talib, Talib akatazama ndani ya kikombe, na mwishowe wote wakamtazama Muhiddin.

Katika wiki tatu Muhiddin alikuwa amemuuliza Jaspal, amewauliza hawa, amemuuliza hata mwanamume asiyemjua kwenye treni ya Metropolitan kwa sababu alishika ufunguo wa gari kama yake. Ibtisam hakumuuliza, alimwambia tu: nitakuja kukuchukua Jumapili. Naye akajibu okei, Baba. Ile okei ya watoto waliozaliwa hapa, ambayo baba yeyote wa Harrow anajua kwamba si ndiyo. Aliijua, akaipita.

Aliondoka kwenye joto, akaenda kusimama kwenye kona, akampigia. Nafasi ya katikati ilibaki wazi na hakuna aliyeisogelea.

Ibtisam alijibu kwa Kiingereza chake, haraka haraka, kama mtu aliyebeba maneno hayo siku nyingi. Mkunga wake yuko kule, mumewe yuko kule, na kukaa garini kutwa nzima na tumbo lile hawezi. Hakujua aanze vipi kumwambia baba yake, alivyokuwa na furaha na tairi zake. Mama yake alikwisha kumuuliza wiki iliyopita kama anataka kuja, naye akamwambia hapana. Kisha akageukia Kiswahili, kile anachokitafuta neno kwa neno.

— Baba, si mnasema mtoto wa kwanza azaliwe kwa mama? Basi Mama anakuja. Amekata tiketi za treni, mbili, za kesho asubuhi. Ya pili ni yako. Lakini alisema nisikwambie mpaka uniulize.

Muhiddin alisema sawa, mwanangu. Akasema tena sawa. Binti yake alielewa, akamwambia avae soksi nzito.

Aliporudi kwenye benchi macho yalikuwa mekundu, akasingizia baridi. Akawaeleza yote, mpaka na tiketi.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, — alisema Talib, akimwelekeza Marion mkono.

Wote wakageuka kumtazama Talib. Methali ilikuwa imeingia mahali pake, kwa mara ya kwanza tangu kijiwe kianzishwe, na Talib mwenyewe alionekana kashtuka.

Simu ikalia tena.

— Jaspal, wape hao wateja wako, — alisema Muhiddin. — Zote. Ndiyo, zote mbili.

Alikata simu, akashusha pumzi ya wiki tatu. Alikuwa anaondoka, kwenda kumwambia Mwanamwema kwamba ameuliza, amechelewa lakini ameuliza. Marion alikwishalipia unga wake na alikuwa anamrudishia Talib kikombe. Kailash alikuwa anajikuna kidevu.

— Lakini hii treni ya Aberdeen, — alisema, — gurudumu zake ni inchi ngapi?

Hakuna aliyejua. Method akasema inategemea ni mbuzi au ngamia. Muhiddin, aliyekuwa ameshafunga koti, akarudi akakaa katikati, dakika mbili tu, alisema. Talib akainamisha chupa juu ya kikombe chake. Likatoka tone moja, na kipande cha tangawizi.