Vidonge Viwili Viwili

Assalamu alaykum, mama zangu na dada zangu. Mmeniomba niseme. Baadhi yenu niliwahi kuingia majumbani mwenu, mnanijua.

Miaka ile watu walipokuwa wanahamia vijiji vya ujamaa, nilikuwa msaidizi wa maabara ya hospitali hapa Mtwara. Nilifanya kazi na daktari mmoja mtafiti, mtu mpole, aliyekuwa anachunguza vijidudu vya kuhara damu. Tulichukua choo cha mgonjwa, tukaotesha vijidudu kwenye visahani vya kioo, kisha tukaweka juu yake vipande vidogo vya karatasi vyenye dawa. Dawa ikiwa na nguvu, kuzunguka karatasi panabaki patupu. Ikishindwa, vijidudu vinaota mpaka ukingoni mwa karatasi.

Kazi yangu nyingine ilikuwa kuwauliza wagonjwa kama wamekunywa dawa yoyote kabla ya kuja, na kuandika.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoanguka. Nyumbani, mtaa wa Likombe, jirani akihara alikuja kwangu. Nilikuwa nachukua vidonge vya salfa kazini bila ruhusa, nampa viwili. Akipata nafuu, anaacha. Anakuja mwingine, viwili. Niliona nasaidia, na wallahi nilipenda kuitwa "daktari wetu". Walipozidiwa wakaja hospitali, mimi ndiye niliyewauliza, na mimi ndiye niliyeandika: hapana, hawajanywa kitu.

Basi daktari akaanza kuhangaika. Kwenye visahani vya watu wa mtaa wetu, vijidudu vilikuwa vinaota mpaka ukingoni mwa karatasi ya salfa.

"Hawa hawajawahi kunywa salfa," akaniambia. "Kwa nini vijidudu vyao vimeizoea?"

Akadhani karatasi zake zimeharibika, akarudia kazi yote. Mimi nimesimama pale naosha vioo. Nikamwambia, "Labda ni joto, daktari."

Kisha akaugua mama yangu mzazi. Alikuwa anamenya muhogo, akaniambia, "Mwanangu, niletee vile vidonge vyako." Nikampa viwili, kesho yake viwili tena. Siku ya tatu macho yameingia ndani, damu haikatiki. Nikampakia kwenye baiskeli ya jirani mpaka hospitali. Wakamwandikia salfa. Wangejuaje? Hata kwenye fomu ya mama yangu niliandika hapana.

Nikaotesha choo chake mimi mwenyewe. Nilipokuja kufunua kisahani, vijidudu vilikuwa vimeifikia karatasi pande zote. Nikakaa sakafuni. Nikisema, nafukuzwa kazi, pengine nashtakiwa. Nisiposema, namzika mama. Na nawaambia ukweli, kinamama, nilikaa pale nikipima, kana kwamba kulikuwa na la kupima.

Nikaenda kwa daktari.

"Mama yangu alikunywa salfa. Nilimpa mimi. Na wale wengine nilikuwa nawapa mimi."

Akavua miwani. "Wangapi?"

"Sijui."

"Tuanze na mama," akasema, akatoka upesi kwenda wodini.

Salfa ikaachwa. Wakamtundikia dripu, wakampa dawa nyingine, kapsuli zile za rangi mbili. Siku tatu sikujua kama nina mama au sina. Siku ya nne akaomba uji, akalalamika hauna sukari.

Nilisimamishwa kazi. Lakini daktari aliniita akasema, "Daftari langu limejaa uongo wako. Nenda kaniletee ukweli." Nikazunguka nyumba kwa nyumba nikiuliza: nilikupa nini, lini, ulikunywa vingapi? Nyumba moja mtoto alikuwa amefariki. Mama yake alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Ni vile vidonge vyako?" Nikamjibu sijui. Mpaka leo sijui. Akafunga mlango, na alikuwa na haki.

Baada ya miezi nikarudishwa, kuosha vioo tu. Nilishukuru hata kwa hilo.

Namshukuru Mwenyezi Mungu. Namshukuru daktari yule, aliyeniaibisha bila kunidhalilisha. Nawashukuru wauguzi waliomgeuza mama kitandani, na ninyi mliofungua milango yenu nikaingia na aibu yangu.

Niliyojifunza ni machache. Dawa uliyopewa, inywe yote kama ulivyoelekezwa, maana ukiikatisha vijidudu vinaizoea. Mgonjwa akibisha hodi kwako, usimgawie vidonge vyako. Mshike mkono mwende naye hospitali. Na ukiulizwa amekunywa nini, sema yote, hata kama aliyempa ni wewe.