Mtafsiri Aliponyamaza

Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, fundi wa kulehemu alikuwa anamsimulia kinyozi tamthilia ya kigeni ya mpelelezi anayemsaka muuaji.

"Imetafsiriwa kwa sauti juu ya picha na yule mropokaji anayetia utani hata kwenye mazishi. Sasa mpelelezi anafika nyumbani kwake mwenyewe, anazima gari, anakaa tu humo ndani. Anakumbuka vipigo vya baba yake, mikono inamtetemeka. Pale mtafsiri alinyamaza, ndugu yangu. Kimya kabisa."

"Labda alienda kujisaidia," kinyozi akasema. Nilicheka peke yangu.

"Alikuwepo. Nilimsikia akipenga kamasi."

"Mwanaume mzima anaogopa mlango wake? Ajikaze."

"Ndilo neno la baba yake. Alilisema huku anampiga."

Kinyozi akageukia dirisha. Basi likasimama, watu wakaanza kushuka. Ng'ambo ya barabara mtoto alichungulia dirishani nyuma ya pazia, akaliona basi, akazima taa upesi.

"Kinyozi, si kwako pale?" kondakta akauliza.

Kinyozi alikuwa amebana mikono katikati ya magoti. "Nitashuka kituo cha mbele."

"Hakuna cha mbele, bosi. Gari linaishia hapa."