Bibi-arusi wa Kwenye Daftari

Siku moja kabla ya Noeli, ndani ya boti ya kwenda Kazimia, mama mmoja aliyeketi mbele yangu alikuwa akiandika kwenye daftari. "Ni ile filme ya bibi-arusi," alimwambia jirani yake kwa uchovu. "Huku kwangu, ndani ya daftari, anapona."

Jirani alikuwa Placide, mwenye banda la video. "Mama, ule alikufa. Mi mwenyewe nilionyesha hiyo filme, bantu bote balilia." Kweli. Nami nililia, ingawa nilikuwa nimekwenda bandani kwake kupumzika tu.

"Najua alikufa. Lakini bamama ba kwetu banangoja nibasomee kesho. Mwaka huu tulizika batoto babiri. Siku ya Noeli sitaki kuzika tena muntu."

Placide aliyatazama maji. "Lakini filme ya bantu bengine huwezi kuigeuza, mama."

Boti ikagusa mchanga. Tulishuka, mama alibaki ameketi, akimalizia mstari.