Hesabu ya Panya na Homa ya Mtaa

Benchi la kahawa limeegemea ukuta wa kinyozi, na tangu homa iishe Sumu hukaa mwishoni kabisa, nusu kalio liko nje. Zamani alikaa katikati. Kazi yake ni kuuza dawa ya panya, ndiyo maana wanamwita Sumu. Miezi minne iliyopita, panya pori walipoanza kuingia majumbani kutoka magugu ya nyuma ya mtaa, na homa yao ikamuua mtu mmoja, yeye ndiye aliyepita mlango kwa mlango akigawa pakiti za bure. Baada ya hapo wakazikwa watu tisa, na mmoja alikuwa mkewe.

— Yule binti wa utafiti kaonekana tena magugini, alisema Kinyozi. Anakamata panya, anamtoboa sikio, anamtoa damu, halafu anamwachia.

— Anawahesabu, alisema Mpiga Pasi. Eti kompyuta inamwambia ugonjwa utakwendaje.

— Panya unamhesabuje? Ukifika kumi, wa kwanza kashazaa.

— Mimi nasikia inajua hadi panya atakayeumwa Jumanne.

— Basi ndiyo inayowatuma. Kila sikio analotoboa lina redio.

— Redio ya nini?

— Ya kutusikiliza sisi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nani yuko mvunguni kwako kama si panya?

Walicheka. Sumu hakucheka, maana binti mwenyewe alikuwa anakuja, mabuti yamejaa tope.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, alisema Sumu. Wanasema hesabu yako imeonyesha dawa yangu ndiyo iliyoleta homa. Usinifiche.

Binti aliketi kwanza.

— Baba, panya wazee wengi walishaugua wakapona, hawaambukizi tena. Ukiwaua, nafasi yao inajazwa na watoto ambao hawajawahi kuugua. Hapo ugonjwa unashika upya.

— Kwa hiyo ni mimi.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Kinyozi kwa upole, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia kwamba methali hiyo haikuhusu.

— Sikiliza kwanza, baba. Hao watoto mpaka wazaliwe, wakue, waambukizane, hesabu inanipa miezi mitatu baada ya dawa. Hapa watu walianza kuugua kwa wingi wiki ya tatu tu. Ni mapema mno. Hao watoto hawakuwa hata wamekua.

Sumu alihisi kifua kinafunguka. Miezi minne alikuwa hajavuta pumzi ikafika chini. Alimwomba muuza kahawa ampe binti kikombe, akasogea kidogo ndani ya benchi.

— Ndiyo maana nimekuja kuuliza, alisema binti akifungua daftari. Homa hii mtu huivuta na vumbi la mavi na mikojo yao. Wale panya waliofia ndani, nani alikuwa anawatoa?

Kinyozi alitazama ndara zake. Mpiga Pasi alikunywa kikombe ambacho kilikuwa kitupu. Wanaume wote watatu walikuwa wazima, na wale tisa walikuwa wanawake.

Sumu alimwona mkewe ameinama na ufagio, vumbi na mavi ya panya vikimrukia usoni. Akimaliza kwake, anavuka kwa jirani mgonjwa akafagie na huko. Yeye Sumu alikuwa amesimama mlangoni, akihesabu mizoga kwa sauti ili wapita njia wasikie dawa yake inavyofanya kazi.

Binti alisubiri, kalamu mkononi.